Zamu ya Majina

Kwetu mtu akitaka habari za nyumba fulani haulizi habari, anauliza majina ya watoto. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba yake. Wa pili huitwa jina la mama ya mama yake, wa tatu la dada mkubwa wa baba, na zamu inaendelea hivyo mpaka uzazi ukome. Ukitajiwa watoto wa mtu mmoja baada ya mwingine, umeshajua nani alipewa heshima yake na nani alirukwa. Nilisoma Matasia na msichana aliyeitwa jina moja na mamake. Tulikuwa watoto wadogo, midomo mirefu, tunauliza kila kitu, lakini hilo hatukumwuliza. Kwetu mtoto haitwi jina la mama yake mzazi ila kama mama huyo alikufa akimzaa.

Ndiyo maana jina la Ndulu lilitushangaza sote.

Ndulu ni binti ya ndugu yangu Gitonga. Gitonga alioa Mkamba wa kutoka Kibwezi, Nthambi, mwanamke mrefu na mpole, mpole mpaka unatamani kumfinya uone kama ana sauti. Walipooana mimi nilikuwa Qatar nikisuka nywele za watu. Nilirudi nikafungua saluni Kitengela, nikakuta wamehama Entarara walikokuwa wakilima nyanya, wanaishi Bisil, Gitonga anauza mbuzi, na Mama yetu yuko nao. Walikuwa na mtoto mmoja tu, huyo Ndulu, na Ndulu ni jina la mama ya Nthambi. Mama yangu mimi anaitwa Nyakio.

Wajomba walisema Gitonga amekaliwa chapati na mkewe, anaamuliwa kila kitu. Shangazi mmoja alisema wazi mezani, Krismasi, kwamba mwanamume anayempa mtoto wa kwanza jina la ukweni angehamia huko ukweni kabisa. Gitonga alicheka kicheko kifupi akaendelea kukata nyama. Mimi nami nilimtania, sikubaki nyuma.

Aliyenishangaza ni Mama. Mama yangu hulalamika chumvi ikizidi, hulalamika ikipungua, na ikiwa sawa hulalamika kwamba hakuitwa aionje. Aliwahi kuondoka kwenye harusi ya mpwa wake kwa sababu alipewa kiti cha plastiki na mwenzake akapewa cha mbao. Lakini juu ya jina lake kurukwa hakuwahi kutoa neno. Wengine wakilianzisha yeye alisimama akaenda kuangalia sufuria. Nilijiambia uzee umemlainisha.

Mwaka jana Nthambi alipata mimba nyingine. Ilipokuwa inakaribia kutimia nilifunga virago nikaenda Bisil na nguo za mtoto, na kwa kuwa nilikuwepo nikawasindikiza yeye na Mama kliniki. Ni zahanati ndogo nyuma ya soko la mifugo. Kwenye benchi walikuwa wamejaa akina mama wa Kimaasai na watoto wao, tukasalimiana, "Supa," "Epa," na harufu ya mbuzi ikituingilia dirishani. Nesi wa hapo anaitwa Namalwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya, na hana mzaha na kazi yake.

"Hii mimba ni ya ngapi, mama?" alimwuliza Nthambi.

Nthambi alifungua mdomo. Mama akajibu, "Ya pili."

"Cucu, nimeuliza yeye," alimwambia, akimwita bibi kwa lugha yetu.

"Ya pili," Nthambi alisema, akiangalia viatu vyake.

"Huyo wa kwanza ulimzaa ukatoka damu mingi? Plasenta ilikataa kutoka? Uliongezewa damu?"

"Alizaa vizuri Loitokitok," Mama alisema. "Hata uji alikunywa hapo hapo."

Namalwa aliweka kalamu chini. "Mnaniona nasumbua, lakini niko na sababu. Mama akishatoka damu mingi uzazi mmoja, inaweza kumrudia. Plasenta ikishakwama mara moja, inaweza kukwama tena. Mtu kama huyo mimi sitaki azalie hapa. Namtuma Kajiado mapema, akae karibu na hospitali kubwa angoje huko, kwa sababu wako na damu na wako na theatre ya upasuaji. Mimi hapa niko na sindano, dripu na hii mikono yangu. Hata yule hana historia yoyote anaweza kunishtua. Lakini yule najua historia yake, kwa nini nimkalishe hapa?"

Alimtazama Nthambi kwa muda. Nthambi alitazama viatu. Mama alitazama ukutani, kwenye picha ya mama anayenyonyesha, kana kwamba ni jamaa yake.

"Basi sawa," Namalwa alisema. "Wewe ni wa kuzalia hapa. Uchungu ukianza mje mara moja."

Jioni hiyo, tukila, Gitonga aliniambia bila mimi kuuliza, "Ciku, huyu akiwa msichana, ni wako. Ataitwa wewe."

Nilipiga kelele mpaka Ndulu akaniuliza mimi shangazi yake, "Tata, umeumwa na nini?" Mimi sina mtoto. Nilishaacha kusema kuhusu hilo na watu walishaacha kuniuliza, lakini jina ni kitu kingine, jina lingebaki likitembea na miguu yake. Nilimkumbatia Nthambi na tumbo lake. Nilimtazama Mama, nikitarajia atasema zamu ni yake, kwamba alirukwa mara ya kwanza na sasa apewe haki yake. Mama alitikisa kichwa kukubali akaomba aongezewe mboga. Nililala na furaha siku hiyo, na kesho yake nikarudi Kitengela nikiwa nimeshamnunulia Ciku mdogo kofia.

Saluni nzima ilisikia habari ya kofia hiyo. Kila mteja aliyekaa kitini alihadithiwa, na Jackie, msichana ninayefanya naye kazi, alikuwa ameshachoka. Asubuhi moja nilikuwa namsuka mwalimu mmoja, nimefika katikati ya kichwa, nikaanza tena.

"Lakini Ciku," Jackie alisema, anachanganya dawa, "si dada ya baba hupewa wa tatu?"

"Ndiyo, wa tatu."

"Na huyu ni wa ngapi?"

"Wa pili."

"Haiwezi. Ndulu ni wa mamake Nthambi, huyo ndio wa pili. Wewe ndio wa tatu. Sasa wa mamako ako wapi?"

"Walimruka Mama."

"Kama walimruka, huyu si angekuwa wake? Wangeruka mpaka kwako na mamako ako hapo hai, akubali tu?" Alicheka. "Huyo Nyakio alishapatikana, wewe. Uliza vizuri."

Alisema hivyo kwa utani akaendelea kuchanganya dawa. Mimi mikono ilisimama. Mama aliyeondoka harusini kwa sababu ya kiti hakulalamika kurukwa kwa sababu hakurukwa. Jina lake lilishatolewa. Kulikuwa na mtoto aliyeitwa Nyakio kabla ya Ndulu, na mtoto huyo hakuwa mahali popote, na hakuna aliyewahi kumtaja mbele yangu. Halafu nikakumbuka viatu vya Nthambi, jinsi alivyoviangalia nesi akiuliza kuhusu damu. Nilitoka nje nikampigia Gitonga.

Nilisikia mbuzi nyuma yake. "Gitonga, Nthambi alizaa mtoto mwingine kabla ya Ndulu?"

Alisogea mbali na mbuzi, sauti zao zikafifia. "Ciku, hiyo ni mambo ya Maitu," alisema, yaani Mama. "Usiulize kwa simu."

"Nakuuliza kwa simu. Alitoka damu?"

"Sikiza, niko huku karibu na Namanga napakia mbuzi. Nthambi ameanza uchungu, wako kwa Namalwa na Maitu. Yuko sawa."

"Alitoka damu?"

"Waliongezea yeye damu Loitokitok," alisema polepole. "Plasenta ilikataa. Lakini ya Ndulu ilikuja vizuri tu, Ciku. Hakuna kitu ilifanyika."

"Mpigie Namalwa sasa hivi umwambie."

"Maitu yuko hapo. Yeye ndiye mwenye jina. Akiona inafaa atasema."

Nilikata simu. Kuna wanaume ambao ukiwapa moto washike watakuuliza kwanza kama mama ameruhusu, na ndugu yangu ni mmoja wao. Nilimpigia Mama, simu yake imezimwa, huwa anaizima asimalize chaji. Namba ya Namalwa sikuwa nayo. Nilimwachia Jackie mwalimu na kichwa chake nusu, nikamkimbilia Lesiamon, jirani yetu mwenye Probox, nikamwambia Bisil. Aliona uso wangu akawasha gari bila kuuliza.

Ile barabara naijua na huwa haina neno, Isinya, halafu nyasi, halafu Kajiado. Tulipofika Kajiado niliona kibao cha hospitali kubwa, na nilihisi kulia kwa hasira. Hospitali iko pale, damu iko pale, theatre iko pale, na mimi naipita naenda mbali nayo, kumfuata mtu ambaye kama midomo ya watu wetu ingefunguka angekuwa amelala pale tangu juma lililopita. Lesiamon aliongeza mwendo. Nilimpigia Gitonga tena na tena, hakushika.

Mama alikuwa kwenye benchi nje ya zahanati, leso begani, mkoba mapajani. Aliponiona hakushangaa.

"Nyakio yuko wapi, Maitu?"

"Si ni mimi huyu."

"Yule mwingine."

Sijawahi kumwona Mama akiogopa. Nilimwona hapo. Aliangalia huku na huku kama mtu aliyeitwa na askari, akanivuta mkono nikae.

"Usitaje," alisema. "Wewe ulikuwa kwa Waarabu, hukuona. Mimi ndio nilisimama pale Entarara wakichimba, kashimo kadogo hivi, na mtu anasema Nyakio, Nyakio, tumuweke Nyakio. Jina langu liliingia mchangani nikiwa nimesimama hapo nikiangalia. Nikaugua baadaye, nikalala, nikajua naitwa. Nikaambia hawa, huyo mtoto hakuwa. Hatumhesabu, hatumtaji. Wakakubali. Na unaniona, niko hai."

"Uko hai," nilisema. "Na Nthambi?"

"Nthambi alizaa Ndulu vizuri."

"Maitu, nesi alikuuliza kuhusu damu ukiwa umekaa hapo hapo ndani!"

"Aliuliza uzazi wa kwanza. Nikamwambia wa Ndulu."

Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilimwona mwanamke mzee aliyejificha nyuma ya tumbo la mke wa mwanawe, na nilisimama nikaingia ndani bila kubisha.

Nthambi alikuwa amelala ubavu, nywele zimemganda usoni. Namalwa aligeuka kunifukuza.

"Alizaa mtoto mwingine kabla ya Ndulu," nilisema. "Plasenta ilikwama. Alitoka damu mpaka akaongezewa."

Namalwa alimwinamia Nthambi. "Mama, ni ukweli?"

"Huyu alikuwa ng'ambo," Mama alisema. Alikuwa amenifuata, amesimama mlangoni. "Hajui mambo ya nyumba yetu."

Nthambi aliinua kichwa. Uchungu ulimkamata akangoja upite, mkono wake umeshika chuma cha kitanda. Ulipopita hakunitazama mimi wala nesi. Alimtazama Mama.

"Maitu," alisema, kwa sauti ileile yake ya chini, "niseme?"

Mama aligeuza uso.

Namalwa hakungoja ruhusa ya mtu. "Umeshasema," alimwambia, na tayari alikuwa na simu sikioni akiita ambulensi ya Kajiado. Alitafuta mshipa akatundika dripu, akampima, halafu akakunja uso. Mtoto alikuwa karibu sana. Nilimwambia gari la Lesiamon liko nje, tumbebe twende. Alisema, "Nikimweka kwa gari sasa atazalia barabarani, na huko sina hata taa. Angezalia Kajiado kama ningejua ile siku." Hakuinua sauti.

Mtoto alizaliwa mchana ule, jua likiwa kali, wafanyabiashara wakipiga kelele za bei nyuma ya ukuta. Msichana. Alilia haraka, akapewa mama yake kifuani, na kwa muda mfupi sote tulikuwa watu wenye furaha, hata Mama alifuta macho kwa leso. Namalwa peke yake hakutabasamu. Alikuwa amemchoma sindano, mkono mmoja uko juu ya tumbo, mwingine umeshika kitovu, anangoja. Kondo la nyuma halikuja. Alimtoa mkojo, akajaribu tena taratibu. Halikuja.

Halafu damu ilianza. Nimesikia watu wakisema inamwagika kama maji. Haikuwa hivyo mwanzoni. Ilikuja kidogo kidogo bila kelele, ikaloweka kitambaa, kikawekwa kingine, kikalowa, na kila mara unajiambia hiki ndicho cha mwisho. Namalwa alinionyesha namna ya kushikilia chupa ya pili ya dripu juu. Niliishika kwa mikono yote miwili, juu kuliko nilivyoonyeshwa.

Ambulensi ilipofika tulimbeba. Mama alimchukua mtoto akapanda Probox na Lesiamon. Mimi na Namalwa tulipanda na Nthambi, Namalwa amepiga magoti, mikono inabana tumbo, jasho linamdondoka puani.

Njiani Nthambi alizungumza. Sijawahi kumsikia akizungumza maneno mengi hivyo mfululizo, na ilinitisha kuliko damu.

"Ciku, watu walisema alizaliwa amekufa. Si ukweli. Alilia. Nyakio alilia."

"Nyamaza upumzike."

"Alilia mara mbili hivi. Alikuwa na nywele mingi. Ungemsuka."

"Nitamsuka huyu," nilisema.

"Nilitaka kuambia sista Namalwa ile siku. Nilikuwa nimefungua mdomo." Alilamba midomo, ilikuwa imepauka. "Usigombane na Maitu. Alikuwa anaogopa."

"Na wewe hukuogopa?"

Alifikiria swali hilo. Nadhani alikuwa hajaulizwa tangu aolewe. "Mimi niliogopa sana," alisema.

Kajiado walikuwa wakitungoja mlangoni, Namalwa alikuwa amewapigia. Daktari alikuwa kijana, alitembea kando ya kitanda akiuliza huku wanakimbia. Nilimweleza yote kwa pumzi moja. Alisikiliza, akaniuliza swali moja tu, kwa nini hakuletwa mapema na historia hii yote. Milango ya theatre ikafunguka akapotea nayo kabla sijajibu. Walimpa damu. Walilitoa kondo, wakafanya mengine ambayo Namalwa alinieleza baadaye na sikuyashika. Damu iliingia mkononi ikatokea kule kwingine, na ile aliyokuwa amepoteza tangu Bisil ilikuwa imeshakuwa nyingi mno. Daktari alitoka amevua kofia. Namalwa alikuwa amekaa sakafuni na buti zake za plastiki zenye madoa, akafunika uso.

Mama alikuwa kwenye benchi na mtoto. Aliona jinsi nilivyomtazama akajua. Hakupiga kelele. Alimfunika mtoto uso kwa leso, kama vile habari ingeweza kumfikia kwa macho.

Gitonga alifika nguo zikinuka mbuzi. Nilimwambia mwenyewe, sikutaka asikie kwa Mama. Alikaa chini pale pale mlangoni watu wakimruka.

Tulimzika Entarara, kwenye lile shamba lao la nyanya ambalo sasa lina magugu. Kando ya kaburi kulikuwa na kichuguu kidogo cha udongo kilichozungushiwa mawe, mawe yamepangwa vizuri, yamesafishwa na mtu si zamani sana. Hakuna aliyeniambia ni cha nani. Mama ya Nthambi, Ndulu mkubwa, alikuja na watu wake kutoka Kibwezi, akasimama kati ya vile vilima viwili vya udongo akatutazama sisi wenyeji mmoja mmoja. Alijua. Binti yake alikuwa amemwambia, na kwao walikuwa wamemhesabu mtoto huyo miaka yote. Walifikiri na sisi tumemhesabu.

Baada ya mazishi Gitonga alinifuata jikoni. "Jina," alisema. "Nilikuwa nimekuahidi."

Nilimwambia aache. Alijua na mimi nilijua zamu imeshafika wapi, sina haja ya kueleza. Kile kikofia nilikuwa nacho kwenye mkoba, na mtoto alikivaa tu, kofia haina jina.

Sasa mtoto yuko kwangu Kitengela, na Mama amekuja kunisaidia kumlea, maana Gitonga amebaki Bisil na Ndulu na hawezi mambo ya chupa. Namchemshia Mama chai kila asubuhi. Analalamika kwamba haina maziwa ya kutosha. Sijamsamehe, na sijui kama chai ni dalili kwamba nitamsamehe au ni mazoea tu. Mchana nikimkuta amelala kitini na mtoto kifuani, wote wawili midomo wazi, hasira inapungua, halafu nakumbuka ule mlango, alivyogeuza uso, na inarudi mahali pake.

Juzi tulimpeleka mtoto kuchanjwa. Kliniki ilikuwa imejaa. Mwanamke mmoja wa makamo, wa kwetu kwa lafudhi, alimchezea miguu.

"Anaitwa nani huyu mrembo?"

"Nthambi," nilisema.

"Ameenda jina la nani?"

"La mama yake."

Aliuachia mguu wa mtoto polepole. Hakuuliza tena. Alisogea kidogo kwenye benchi akatuachia nafasi zaidi, na alipoitwa alituambia tutangulie sisi.

Nesi alikuwa msichana mdogo mwenye haraka. Aliandika jina, akaandika la mama, akaandika tarehe. Bila kuinua macho aliuliza, "Huyu ni mtoto wa ngapi kuzaliwa kwa mama yake?"

Nilifungua mdomo.

"Wa tatu," Mama alisema. Alisema kwa sauti, watu wa mlangoni wakasikia. "Wa kwanza aliitwa Nyakio. Alikufa. Mama yao alitoka damu mingi."

"Pole, cucu," nesi alisema. Aliandika tatu, akatuambia tumvue mtoto suruali amchome sindano.